Wall Street kwa mlango wa uani: dogo wa Tanga anauliza, tuuze kiwanja?



Wiki iliyopita nimeandikiwa baruapepe na dogo mmoja. Mtoto wa Tanga, yuko majuu, Marekani, mwaka wa 3 kwenye chuo cha umma cha jimbo, kile ambacho hata Wamarekani wa jimbo la jirani hawakijui. Anasoma mambo ya fedha, alama zake nzuri tu, na wikiendi anabeba boksi ili alipe chumba. Ameomba nafasi za mafunzo ya kiangazi kwenye benki 43 za uwekezaji za New York. Benki 38 kimya. Benki 5 zimemjibu kwa ile barua ya kompyuta inayokutakia kila la heri huko uendako.

Sasa amepata nafasi ya kuhamia chuo binafsi chenye jina kubwa zaidi. Ufadhili waliompa haufiki hata nusu ya ada. Nyumbani wazee wamekaa kikao, na kuna kiwanja kimoja cha familia. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, tuuze kiwanja?"

Nimemwomba ruhusa nimjibu hapa hadharani, bila jina, kwa sababu najua hayuko peke yake. Kuna madogo wengi wanaosoma hapa wana ndoto hiyo hiyo, wengine wako Mlimani, wengine Nairobi, wengine vyuo ambavyo ukivitaja mtu anauliza "kiko wapi hicho?"

KAZI YENYEWE NI IPI?

Kwanza tuwekane sawa. Benki ya uwekezaji siyo ile ya kupanga foleni ukatoe hela ya matumizi. Kazi yake ni kuzisaidia kampuni na serikali kupata fedha nyingi kwa mpigo, kwa kuuza hisa au hatifungani, na kuzishauri zinapotaka kununuana au kuungana.

Mfano unaujua. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya Safaricom kwa wananchi na wawekezaji wa nje, shilingi 5 za Kenya kwa hisa. Watu wakapanga foleni Nairobi utadhani wanagawa chakula. Zilikuwa hela za Kenya bilioni 50. Nyuma ya pazia walikuwepo Dyer & Blair wa Nairobi na Morgan Stanley wa New York. Au chukua mfano wa nyumbani kwa huyu dogo: mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miradi ya maji. Kuna watu walikaa wakapiga hesabu: bomba litaingiza kiasi gani kwa mwaka, mkopeshaji alipwe riba gani, na nini kitatokea watu wasipolipa bili. Hiyo ndiyo kazi.

Kwa nini vijana wanaigombania? Hela. Agosti 2021 Goldman Sachs ilipandisha mshahara wa wachambuzi wa mwaka wa kwanza hadi dola 110,000 kwa mwaka, bila kuhesabu bonasi. Hapo tunaongelea mtoto wa miaka 22. Ila na wewe usisahau upande wa pili: Machi mwaka huo huo, wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa benki hiyo hiyo walijifanyia uchunguzi wao wakaona wanafanya kazi wastani wa saa 95 kwa wiki. Ukigawa kwa siku 7 unapata saa 13 na nusu kila siku, Jumapili ndani yake.

KIMEMO CHA WALL STREET

Sisi Bongo tunavijua vimemo. Kazi imetangazwa gazetini, mmeomba 800, kumbe jina la atakayeipata liko kwenye droo ya bosi tangu mwezi uliopita. Tukitoka hapo tunasema: majuu hakuna mambo hayo, kule ni akili yako tu.

Tusidanganyane. Kule nako kimemo kipo, ila kimechapishwa vizuri na kina muhuri wa chuo.

Mwaka 2015 mwanasosholojia wa Marekani, Lauren Rivera, alitoa kitabu kinaitwa Pedigree. Aliongea na watu 120 wanaohusika na kuajiri kwenye benki za uwekezaji, kampuni kubwa za sheria na zile za ushauri. Akaenda mbali zaidi, akaingia ndani ya kampuni moja kama mfanyakazi wakati wa msimu wa kuajiri, akaona kwa macho yake. Alichokikuta ni kwamba kampuni hizi zina orodha ya vyuo. Vyuo vya kwenye orodha zinavifuata zenyewe: zinafanya tafrija, zinasaili wanafunzi palepale. Kama chuo chako hakimo, maombi yako yanaingia kwenye rundo jingine, na rundo hilo mara nyingi hakuna anayelifungua mpaka mtu wa ndani aseme "hebu mtazameni huyu."

Tuwatendee haki, wana sababu yao. Mwaka 2024 Goldman Sachs ilipata maombi zaidi ya 315,000 ya mafunzo ya kiangazi dunia nzima, kwa nafasi kama 2,700. Hapo hata mtu 1 kati ya 100 hapati. Nani atasoma CV 315,000? Kwa hiyo wanasema Harvard, Princeton au Wharton walishachuja, sisi tuchukue kwenye chujio lao. Ni uvivu wenye akili. Shida ni kwamba chujio lile lilichuja mtoto akiwa na miaka 17, na sehemu ya kilichochujwa ni mfuko wa baba yake.

Halafu kuna jambo la "kuendana". Rivera anaeleza kwamba wasaili walikuwa wakijiuliza: nikikwama uwanja wa ndege usiku kucha na huyu mtu, nitafurahi? Wanatafuta anayefanana nao: aliyepiga makasia, aliyecheza michezo ya shule za ada kubwa, aliyezunguka dunia likizo. Dogo wetu anayebeba boksi wikiendi hana hayo. Ana mgongo unaouma, lakini huo hauna sehemu yake kwenye CV.

London ndiyo usiseme. Septemba 2016 tume ya serikali ya Uingereza inayoshughulikia fursa za watu wa chini ilitoa ripoti kuhusu benki za uwekezaji. Humo wakasimulia kwamba kuna waombaji walioonekana hawafai kwa sababu ya kuvaa viatu vya kahawia na suti, au tai yenye makelele. Viatu, jamani! Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kufanya kazi za mjini kule atajuaje? Hakuna mahali palipoandikwa.

KINACHOMKOSESHA DOGO NI KALENDA

Hapa sasa ndipo nataka mnisikilize. Nilipomuuliza dogo aliomba lini, akasema Desemba, mwaka wa 3, kwa ajili ya kiangazi kinachofuata. Moyo ukaniuma. Alikuwa amechelewa karibu mwaka mzima.

Iko hivi. Digrii ya Marekani ni miaka 4. Benki kubwa hazisubiri umalize ndiyo uombe kazi. Zinakuchukua mafunzo ya wiki kama 10 kiangazi baada ya mwaka wa 3, na wengi wa watakaopewa ajira ya kudumu wanatoka humo. Miaka ya nyuma maombi ya mafunzo hayo yalikuwa yanafanyika miezi michache kabla. Lakini benki zikaanza kushindana kuwahi wanafunzi, kila mmoja anamtangulia mwenzake, mpaka sasa maombi mengi yanafunguliwa mwanafunzi akiwa mwaka wa 2. Maana yake unatakiwa uwe umejiandaa ukiwa bado hujasoma hata nusu ya digrii yako.

Mtoto wa chuo cha kwenye orodha anaambiwa hayo wiki ya kwanza. Kuna klabu ya uwekezaji, kuna kaka na dada wa mwaka wa 4 waliorudi kutoka New York juzi, kuna ofisi ya ajira yenye namba za simu za watu. Huyu wa kwetu aliijua kalenda baada ya basi kuondoka. Ana alama nzuri, ila hakuna aliyemwambia basi linaondoka saa ngapi.

Sasa pima suala la kuuza kiwanja kwa mizani hiyo. Akihama Septemba, vyuo vingi vitamtaka asome kwao angalau miaka 2 ndipo wampe digrii, kwa hiyo atarudia mwaka wa 3. Atafika hapo wakati nafasi nyingi za kiangazi cha mwaka huo zimeshagawiwa miezi kadhaa nyuma. Atakuwa amenunua jina la chuo kwa bei ya kiwanja, halafu kile kilichomo ndani ya jina, yaani kuwahi na kujuana, amekikosa vilevile.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Waambie wazee kiwanja kikae.

WALIOPITIA UANI

Kuna watu hupenda kutuambia hadithi za kutia moyo. Sidney Weinberg aliacha shule akiwa mdogo, mwaka 1907 akaanza Goldman Sachs kama msaidizi wa mfagizi, na kuanzia 1930 akaiongoza benki hiyo mpaka alipofariki 1969. Hadithi ya kweli kabisa. Lakini leo mfagizi wa jengo kama lile mara nyingi ameajiriwa na kampuni ya usafi, ngazi yake haigusani na ya mabosi. Usimpe mtoto hadithi ya 1907 kama ramani ya leo.

Ya karibu zaidi ni ya David Solomon, aliyeshika usukani wa Goldman Sachs mwaka 2018. Alisoma chuo kidogo kinaitwa Hamilton. Si chuo cha maskini, lakini si Harvard. Alipomaliza aliomba Goldman wakamkataa. Akaanzia Irving Trust, akapita Drexel, akapita Bear Stearns, na mwaka 1999 Goldman wakamchukua tayari akiwa mkubwa, wakamwingiza kama mbia. Ameingia kwa mlango wa pembeni miaka zaidi ya kumi baada ya kukataliwa wa mbele. Hiyo ndiyo ramani ninayoweza kumpa dogo.

Milango yenyewe ni kama hii.

Mmoja, kampuni ndogo. New York siyo Marekani yote. Chicago, Atlanta, Houston, Minneapolis kuna kampuni ndogo za ushauri wa kununua na kuuza biashara, zenye watu 10 au 30. Hazina hela ya kuzunguka vyuoni na nyingi zinaajiri kwa kuchelewa, zinapopata kazi. Hizo ndizo za kupigia simu sasa hivi.

Wa pili, kampuni kubwa za ukaguzi: Deloitte, PwC, EY, KPMG. Zinaajiri vyuo vingi kuliko benki. Ingia, jitahidi ufike idara ya kuthamini kampuni au ya kuchunguza hesabu za kampuni inayotaka kununuliwa. Baada ya miaka 2 au 3 unaongea lugha moja na watu wa benki, na wengi huhamia.

Wa tatu, shahada ya uzamili ya biashara baadaye, kwenye chuo cha kwenye orodha. Hapo ndipo jina la chuo linalipa zaidi, maana benki huenda kuchukua watu moja kwa moja. Ada yake inatisha, ila angalau unakopa ukiwa tayari na mshahara na uzoefu.

Wa nne ni wa mtandaoni. Mwaka 2016 Goldman Sachs ilitangaza kuacha usaili wa kwanza wa ana kwa ana vyuoni kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza, badala yake wajirekodi kwa video. Hii inamfungulia mlango hata wa chuo kisichojulikana, ila inaufungulia umati mzima pamoja naye. Bado unahitaji mtu wa ndani wa kulitaja jina lako.

Huyo mtu unampataje? Kwa kuandika. Tafuta waliosoma chuo chako walio kwenye fani hiyo, hata kama ni 5 tu, waandikie mistari 4, omba dakika 15 za simu, usiombe kazi. Wabongo tunaona aibu kumwandikia tusiyemjua, tunahisi ni kujipendekeza. Kule ni jambo la kawaida, na anayekaa kimya wanadhani hana shida.

MASWALI YA USAILI HAYANA SIRI

Habari njema ni kwamba maarifa yenyewe hayafichwi. Swali maarufu kuliko yote la usaili ni hili: uchakavu wa mitambo ukiongezeka kwa 10, nini kinatokea kwenye taarifa 3 za hesabu?

Twende taratibu, kodi tuifanye asilimia 30 kama kodi ya kampuni ya kwetu. Faida kabla ya kodi inashuka 10. Kodi inapungua 3, kwa hiyo faida halisi inashuka 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hasi 7, unarudisha 10 kwa sababu uchakavu hautoi hela mfukoni, unabaki na ongezeko la fedha taslimu 3. Kwenye mizania, taslimu imepanda 3, mitambo imeshuka 10, jumla mali zimeshuka 7. Upande wa pili mtaji wa wenye kampuni umeshuka 7. Mizani imekaa sawa.

Umeelewa? Basi umejibu swali ambalo linamwangusha mtoto wa chuo kikubwa aliyekuja na jina tu. Profesa Aswath Damodaran wa chuo cha New York ameweka masomo yake ya kuthamini kampuni mtandaoni, bure. Ripoti za kampuni za Marekani zilizouza hisa kwa umma zipo kwenye tovuti ya mamlaka ya masoko ya mitaji, bure. Hata za kwetu, chukua ripoti ya mwaka ya benki au kampuni ya bia iliyopo Soko la Hisa la Dar es Salaam, kaa nayo, ipige hesabu mpaka ikuambie kitu. Saa moja ya kompyuta inatosha kuanzia.

KIKWAZO CHA VISA

Kuna jambo dogo hakuniuliza, nami sitaki alijue kwa kuchelewa tena. Mwanafunzi wa nje akimaliza anapata miezi 12 ya kufanya kazi. Ila digrii yake ikiwa kwenye orodha ya sayansi na hesabu, anaongezewa 24, jumla miezi 36. Fedha ya kawaida haimo kwenye orodha hiyo. Uchumi wa kihesabu umo. Masomo yanaweza kufanana kwa sehemu kubwa, tofauti ni jina la kozi na namba yake. Dogo, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kesho asubuhi uulize namba ya kozi yako, na kama kubadili hakutakurudisha nyuma, badili.

Baada ya hapo kuna visa ya H-1B, nafasi 85,000 kwa mwaka na waombaji ni wengi kuzidi. Septemba 2025 Rais Trump alitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya, na mwezi uliofuata idara ya uhamiaji ikafafanua kwamba haiwahusu wanaobadili hadhi wakiwa tayari ndani ya nchi, kama wanafunzi. Hata hivyo kampuni ndogo ikisikia neno visa inaogopa. Kwa hiyo ile miezi 36 ni muda wa kujionyesha kabla hawajalazimika kuamua.

NA NYUMBANI JE?

Wapo watakaosema, arudi tu. Sipingi. Nairobi ina benki za uwekezaji zenye leseni, na Dar soko linakua: mwaka 2023 CRDB ilitafuta shilingi bilioni 40 kwa hatifungani ya kijani ikapata zaidi ya bilioni 171. Hela ipo, wanaojua kuipanga ni wachache. Lakini tusijifanye malaika. Undugunaizesheni bado upo, na dogo wa chuo cha mkoani bila mjomba anajua ninachosema. Wall Street wana orodha ya vyuo, sisi tuna orodha ya majina ya ukoo.

Jambo moja linanipa moyo. Chuo cha Indiana, cha umma, kiko mbali na New York, lakini wanafunzi wake wengi wanaingia Wall Street. Wana mafunzo maalumu ya kuwaandaa vijana wao kwa kazi hii, na waliotangulia wanarudi kuwashika mkono wadogo zao. Hawakungoja kuwekwa kwenye orodha. Ni kujuana pia, sikatai, lakini huku ni kwa walioanza bila kujuana na mtu.

Dogo, hilo ndilo deni lako. Ukipenya, hata kwenye kampuni ya watu 10 huko Minneapolis, mwandikie wa mwaka wa 1 chuoni kwako umwambie basi linaondoka lini.

Wadau, mnaonaje? Kuna aliyepitia njia hii, majuu au hapa nyumbani? Na mnaodhani kiwanja kiuzwe, leteni hoja, dogo anasoma. Matusi hapana.

Nawasilisha.